Kwale Hawali Pilau

Kiwanja alichoniachia marehemu baba kiko Sib, nyuma ya mtaa wa nyumba za serikali, na nilikipata mimi kwa sababu ndugu zangu wote walikikataa. Kisima chake kiliingiwa na chumvi zamani. Minazi aliyoipanda kwa kujidanganya kwamba bado yuko Unguja ilikufa mmoja baada ya mwengine, na ilipokwisha kufa kikaja kichaka. Kwa miaka na miaka hakuingia mtu humo. Waliingia mbuzi waliopotea, paka, na magodoro mabovu ya mtaa mzima.

Kichaka chenyewe kilikuwa cha mti mmoja tu, ule wa miba mirefu ambao hapa unaitwa ghafu ya bahari, ingawa si ghafu, mti wa asili wa hapa, na wala haukutoka baharini. Uliletwa kutoka nchi za mbali uje utie ukijani jangwani. Ukapapenda. Ukazaa, ukateremsha mizizi mpaka kwenye maji ya wenyewe, na sasa kila mtu anaulaani. Na mimi nilikuwa nikiulaani, kwa sauti, mezani, mpaka siku moja mke wangu aliponiwekea kikombe cha chai akauliza kwa upole:

"Umeletwa, ukakaa, ukazaana, na wenyeji wanalalamika. Hapo unausema mti au unausema ukoo wenu?"

Sisi ambao wazee wetu walirudi Omani na Kiswahili mdomoni inatubidi tuchague matusi yetu kwa uangalifu.

Ningependa kusema kwamba nilianza kukisafisha kiwanja kwa mapenzi ya viumbe. Si kweli. Nilianza kwa aibu. Jirani wa ng'ambo ya njia, bwana mstaafu ambaye ndevu zake huchanwa kabla ya kila sala, alinishika mkono mlangoni mwa msikiti mbele ya watu. "Ustadhi," akasema, "kiwanja chako kimetoa nyoka." Alilisema jambo hilo kama anayempa mtu habari za kuzaliwa mtoto wake.

Basi nikawa na njia tatu: kujenga, kuuza, au kufyeka. Kujenga sikutaka. Kuuza niliona ni kama kumuuza baba mwenyewe. Nikasoma katika simu, saa za kazi, Mungu anisamehe, kwamba huko duniani wako watu wanaofyeka vichaka katika ardhi zao na mahali pake wakapanda vijishamba vya nafaka na matunda, wao wenyewe wasile hata punje, ili wanyama wa porini ndio wale. Nikaona hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu aliyesomea fasihi chuo kikuu haonyeshwi jambo lisilo na faida akaliacha limpite.

Na wageni wa karamu nilikwisha kuwa nao. Ndani ya kile kichaka walikaa kwale. Kila alfajiri, watu wanapotoka msikitini, ungewasikia wakipiga kelele mle ndani kama wake wenza wanaotupiana maneno ukutani. Zamani mitaa hii yote ilikuwa mashamba na kwale walikuwa kila pahala; sasa ni nyumba, kuta na gereji, na kwa ninavyojua mimi kiwanja chetu ndicho kilichokuwa kimebaki na kwale mtaani kwetu. Nilitaka wabaki. Hilo tu. Mtu anaweza kutaka mambo makubwa zaidi akifika umri wangu, lakini mimi nilitaka kwale wabaki na wazae, na yote niliyoyafanya, pamoja na ya kipumbavu, niliyafanya kwa ajili hiyo.

Wiki ya kwanza nilifyeka mwenyewe. Nilinunua shoka, glavu za ngozi na kofia pana, nikawa nafanana na mtu anayejua anachokifanya. Siku ya tatu mwiba ulipita katika soli ya kiatu ukaingia kisiginoni, nikapelekwa kupigwa sindano ya pepopunda. Mti ule ukiukata juu unachipua chini, tena kwa hasira. Siku ya sita visiki vya siku ya kwanza vilikuwa vimetoa majani. Nikasalimu amri nikaita shewali, ile mashine yenye ndoo kubwa mbele inayozoa na kung'oa.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilitaka pembe moja ya kichaka iachwe, ile ya kaskazini, maana huko ndiko kwale walikokuwa wakilala. Asubuhi na mapema nikachana kilemba changu kibovu, nikafunga vipande vyake kwenye matawi ya miti yote ya pembe hiyo. Dereva alipokuja, Mbangali wa makamo mwenye haraka, nilimwonyesha vile vitambaa kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, nikaitikia kwa kichwa, nikaenda zangu kununua chai.

Niliporudi, vitambaa vilikuwa vinapepea juu ya tela la takataka. Alikuwa ameanzia huko. Pembe yote ilikuwa imeshang'olewa isipokuwa kipande cha ukubwa wa magari mawili yaliyoegeshwa, nacho kilipona kwa sababu alikuwa ameteremka kunywa maji.

"Nilikwambia uiache hii!" Nilipiga kelele mpaka jirani wa ndevu akatoka nje.

Dereva akanitazama kwa huruma kidogo. "Arbabu," akaniita, yaani tajiri wake, kwa kile Kiarabu chetu cha kazini, kisicho cha kwake wala cha kwangu, "miaka yangu yote hapa, mti wenye kitambaa ndio mti wa kukatwa. Arbabu yupi anafunga kitambaa kwenye mti wa kuacha?"

Alikuwa sahihi. Kila mtu anayefanya kazi kwa mikono anajua hivyo. Hasira niliyokuwa nimemwandalia yeye ikabidi niimeze mwenyewe, na chai juu yake.

Asubuhi tatu hatukusikia kitu. Wale wake wenza walinyamaza, na mimi nikawa nasimama mlangoni mwa msikiti nikiwa na viatu mkononi, nasikiliza, watu wakinipita wakidhani naomba dua ndefu. Asubuhi ya nne kelele zikarudi, kutoka kwenye kile kipande cha magari mawili. Nilifurahi kama mtu aliyesamehewa. Ningefikiri kidogo, ningeelewa kwamba hawakunisamehe. Hawakuwa na pengine pa kwenda.

Joto lilipovunjika nikapanda. Uwele kwa mistari, mtama pembeni, kunde katikati ili zitie nguvu udongo, na mikunazi sita ya kutoa kunazi kwa watakaojaaliwa kuziona. Maji tuliletewa kwa lori, na mipira myembamba yenye vitundu ilidondosha tone moja moja kwenye kila shina. Mchanga ule ule uliokuwa umelala na magodoro ukaota. Nilikuwa nikisimama kati ya kunde zangu jioni, nimevaa kanzu na viatu vya mpira, najihisi kama nabii mdogo.

Kisha akaja shangazi.

Shangazi ni dada yake baba wa mwisho, anakaa Darsait, ana umri wa kutembelea mkongojo na mwendo wa mtu asiyeuhitaji. Mkongojo anautumia kwa kuashiria. Aliteremka kwenye teksi akasimama mbele ya shamba langu kimya, akauinua.

"Kile nini?"

"Uwele, shangazi."

"Nnauona uwele, sikuzaliwa mjini hapa mie. Kile cha kati."

"Kunde."

"Kunde!" Akaniangalia machozi yakimlengalenga. "Mwanangu, mwaka wa ngapi huu nnatafuta majani ya kunde? Nnauziwa sijui majani gani sokoni, ukiyapika yanatoka povu. Na wewe unazo hapa na husemi?"

"Shangazi, hizo za ndege."

"Za nani?"

"Za ndege. Kwale. Na wanyama wengine wa—"

"Kwale unamfuga au unamla?"

"Simli, shangazi. Namwacha."

Akashusha mkongojo. "Msomi mzima," akasema, si kwangu, kwa mikunazi. Kisha akaingia katika kunde na kuchuma mfuko mzima wa plastiki, majani machanga, yale laini, kwa vidole viwili, kwa ustadi ambao hakuna kwale atakayeufikia. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake wanne. Ilipofika mwezi kunde zangu zilikuwa vijiti, na katika nusu ya nyumba za Wazanzibari tunazojuana nazo palikuwa pamepikwa kunde kwa nazi. Sikukasirika. Hapana, nilikasirika, lakini nililetewa bakuli.

Hayo ya kunde nayasema ili ionekane kwamba mimi si mtu wa kukasirika ovyo. Maana sasa nakuja kwenye wali.

Asubuhi moja nilikuta pilau ukingoni mwa uwele. Lundo dogo, kama sahani mbili, juu ya karatasi. Siku ya pili wali mweupe na mifupa ya samaki. Ijumaa nikakuta biriani la sinia zima limemwagwa, zabibu na vitunguu vya kukaanga vikimeremeta kwenye jua, na kando yake mikate ya jana imepangwa kwa adabu kama viatu.

Kila mtu wa hapa anajua hili ni nini. Chakula ni neema, na neema haitupwi katika pipa pamoja na nepi za watoto. Ukibakiwa unakipeleka pahala pa wazi, unakiweka chini kwa heshima, unasema bismillahi wale viumbe wa Mungu, unaondoka mwepesi. Mama yangu alifanya hivyo. Mimi nimefanya hivyo. Tenda wema uende zako, wamesema wahenga, na hawa walikuwa wakitenda na kwenda zao kwa gari, nikawahi taa za nyuma tu.

Lakini kwale hali pilau. Kwale anakula mbegu, wadudu, chipukizi. Anayekula pilau ni kunguru. Kunguru wa kwanza aliliona, akaita nduguze, nduguze wakaita mtaa, na kabla ya mwezi kwisha waya wa umeme uliopita juu ya kiwanja ulikuwa mweusi kutoka nguzo hadi nguzo. Wakaja maina, wale ndege wa miguu ya njano wanaotembea kama madalali. Wakaja paka wa Sib yote. Jirani wa ndevu akanishika mkono tena msikitini. "Ustadhi, sasa panya."

Nataka nizungumze wazi hapa, hata kama nitaambiwa nimekosa adabu. Ule haukuwa wali wa mabaki. Nimeuona kwa macho yangu: nyama nzima nzima, mayai hayajaguswa, chuzi lingali na mafuta juu. Tunaalika watu hamsini, tunapika wa watu mia mbili, kwa sababu tunaogopa pasemwe kwamba kwa fulani chakula kilikwisha. Hatuogopi kabisa kumwaga theluthi mbili. Tunapika kwa kiburi kisha tunamwaga kwa ucha Mungu, na katikati hapo hakuna anayeona haya. Vichochoro viwili tu kutoka kiwanjani kwangu palikuwa pakijengwa msikiti, na mafundi waliokuwa wakiujenga walikuwa wakila mkate na dengu kivulini mwa ukuta, wakitazama masinia yakipita.

Niliyafikiri hayo yote, nikayaandika vizuri kichwani kama makala, na sikumwambia mtu. Nilikuwa nikichukua sepetu asubuhi nikizoa pilau la watu nikilifukia kabla kunguru hawajaamka. Kunguru huamka mapema kuliko wasomi.

Kisha nikaona kiota. Sikukitafuta; nilikuwa nafuata mpira wa maji uliochomoka, nikaingia ukingoni mwa kile kipande cha kichaka, na kwale jike akaruka karibu ya mguu wangu kwa kishindo nusura nianguke. Pale alipokuwa amelala palikuwa na kishimo kisicho na kina mchangani, majani makavu kidogo, na mayai saba ya rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa tone moja. Nikarudi nyuma kwa vidole vya miguu. Nilimpigia simu mke wangu kazini kwake.

"Saba," nikamwambia.

"Saba nini? Nina darasa."

"Mayai."

"Hongera," akasema, na nadhani nusu yake alikuwa anamaanisha.

Yanachukua karibu wiki tatu kuanguliwa. Wiki tatu tu nilihitaji kunguru wasiwepo, na kunguru wasiwepo maana yake wali usiwepo. Nikaandika kibao kwa Kiarabu kizuri, chenye "tafadhali" mbili: watu wasiweke chakula hapa. Adhuhuri nilipopita nilikuta mtu ametundika mfuko wa mikate kwenye kibao chenyewe.

Jioni hiyo wenye kutupa nikawangojea. Gari la kwanza lilikuwa la mama mmoja, Mzanzibari, sikumjua, alinijua yeye.

"Wewe ndiye mwana wa marehemu!" Akaniombea dua ndefu, sinia limekaa kiunoni. "Mungu amtie nuru kaburini. Sisi kila tukibakiwa tunasema tupeleke kwenye wakfu wake."

"Wakfu gani, mama?"

"Huu, mwanangu. Wakfu wa ndege. Shangazi yako si katueleza sote kwenye arusi? Kwamba umemfanyia babako sadaka isiyokatika, kila kiumbe kitakachokula hapa, thawabu inamfika."

Nikasimama nimekiegemea kibao changu kwa mgongo, nikikificha. Nilielewa kila kitu mara moja: magari, masinia, heshima ya ile mikate iliyopangwa. Walikuwa hawatupi takataka kwangu. Walikuwa wanamtumia baba zawadi. Niambie, mtu anasema nini hapo? Tafadhalini, msimpelekee baba yangu thawabu? Nililipokea sinia mwenyewe, nikasema amina.

Shangazi alikuja keshoye asubuhi, kwa teksi, na sinia la pilau la khitma ya Matrah lililofunikwa kwa kawa. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa na hoja tano.

"Shangazi, wali huu usiuweke."

"Shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Wali usiuweke."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Unaleta kunguru. Kwale ana mayai pale. Kunguru watayala."

"Kunguru si kiumbe wa Mungu?" Akalikaza sinia. "We umekuja na shamba lako la kulisha viumbe, sasa unawapangia viumbe mlango? Huyu aingie, huyu asiingie? Tukuwekee na mlinzi?"

"Na kwa nini umewaambia watu ni wakfu? Mimi sikusema wakfu."

"Ulisema nini?"

"Nilisema shamba la wanyama."

"Nkawaambie watu mtoto wa kaka yangu, kasoma mpaka chuo kikuu, kalima shamba anampandia kwale, hali yeye, hali mkewe, hali mtu? Wangedhani umerogwa." Sauti yake ikapungua. "Nimekusitiri, mwanangu. Na nkaona fakhari kidogo. Babako hakuna aliyemtaja miaka."

Hoja zangu tano zikaondoka moja moja kama wageni wasiotaka kuona ugomvi. Nilikuwa bado natafuta ya sita wakati kunguru alipotoka kichakani. Aliruka chini chini, polepole, kwa uzito wa mtu aliyebeba kitu, akapita juu ya kichwa cha shangazi na yai mdomoni. Nyuma yake wa pili, naye na lake. Jike la kwale lilikuwa likipiga kelele mle ndani, si zile za ugomvi.

Nilikimbia. Nilipiga makofi, nikarusha kiatu, nikarusha cha pili. Kunguru wakatoka wengine wawili. Niliporudi miguu mitupu, nimechanwa na miba, shangazi alikuwa ameinama kwenye ukingo wa kichaka, ameshika mkongojo kwa mikono miwili.

"Yamebaki matatu," akasema.

"Nilikwambia!" Nilimpigia kelele shangazi yangu. Sikuwahi kufanya hivyo kabla. "Nilikwambia, shangazi! Wali wenu! Wali wenu huu wa kujisifu, watu wenye njaa wako pale wanajenga, nyinyi mnamwaga, mnaita thawabu!"

Alinyoosha mkongojo, taratibu, kutoka kwenye kile kipande cha magari mawili, ukapita juu ya uwele, juu ya mtama, juu ya vijiti vya kunde, mpaka ukuta wa mwisho.

"Na kichaka chote kilichokuwa hapa," akasema, "amekikata nani? Kipindi kile kunguru angemwona kwale wapi?"

Swali hilo ningali nalo.

Tulisimama hapo, yeye na sinia lake, mimi na miguu yangu, mpaka jike likarudi. Lilitembea kidogo, likasimama, likatembea, likaingia. Shangazi akashusha pumzi. "Wana haramu," aliwaambia kunguru waliokuwa wamejipanga kwenye waya. Kisha akageuka, akaliangalia pilau lake kama aliyeliona mara ya kwanza.

"Wale wanaojenga wako wapi?"

"Vichochoro viwili."

"Lingali la moto hili. Lete gari."

Kwenye gari alitoa simu akazungumza na kundi lake la wanawake, ujumbe wa sauti mmoja mrefu ambao nadhani Maskati nzima iliusikia. Wakfu haujabadilika, alisema, ila kiwanjani pasiwekwe hata punje. Atakayepeleka ataulizwa kesho Akhera mayai manne ya kwale. Chakula kipelekwe kingali moto, kwa watu, kabla hakijaguswa. Wasiokuwa na wa kuwapelekea, mtoto wa kaka yangu atakuja kuchukua, ana gari, na kazi ya maana hana. Kisha akataja namba yangu, tarakimu moja moja, mara mbili.

Tangu siku hiyo mimi ni mchukuzi wa wali. Naitwa katika arusi nisizoalikwa. Nasimama milango ya nyuma ya kumbi nimevaa kanzu safi, wapishi wananipa masinia, mafundi wa msikiti wameshajua mlio wa gari langu. Viti vyangu vinanuka karafuu na iliki, na mke wangu amekataa kwenda kazini ndani yake. Na bado nina hasira, maana masinia hayapungui. Wanapika vile vile, wa watu mia mbili, kwa moyo mkunjufu zaidi sasa kwa kuwa wanajua kuna wa kuuchukua. Nimewapa ruhusa. Kila nikiupakia wali naukasirikia, na nikiuacha nautupa. Hapo mtu afanye nini?

Kwenye waya kunguru walipungua, hawakwisha. Kila asubuhi kwa siku zilizobaki za kuatamia nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya kichaka, na fimbo, kabla ya kazi, na mara nyingi shangazi alikuja akakaa juu ya kiti cha plastiki na mkongojo wake. Hatukuzungumza juu ya lile swali. Tulizungumza juu ya majirani.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tumetoka kuchukua sinia la arusi, biriani, linachoma mikono. Nilipita kiwanjani mara moja tu kufunga maji, na shangazi akabaki garini. Nilikuwa katikati ya mistari, sinia limo mikononi kwa sababu sikutaka shangazi aanze kulionja, jike la kwale lilipotoka kwenye miba. Nyuma yake vifaranga vitatu, kila kimoja kama tende yenye miguu. Walipita hatua nne mbele yangu. Uwele ulikuwa umeiva, mashuke yameinama mpaka chini, miezi yangu yote ya kazi iko hapo usawa wa macho yao. Hawakuugusa. Wala mtama. Walikwenda moja kwa moja kwenye ule mpira wa maji, palipolowa, wakaanza kuokota mchwa.

Sikutikisika. Biriani linaniunguza vidole, kunguru mmoja yuko juu ya waya anapima, na mimi siwezi kurusha kitu wala kupiga kelele, maana nikivitisha vitatawanyika. Nikabaki nimesimama kati yake na wao, nimeinua sinia juu ya kichwa ili kivuli chake kiwaangukie.

Honi ikalia.

"We bwana!" shangazi aliita kutoka dirishani. "Umeota mizizi? Watu wanangoja, wali unapoa!"

"Nyamaza, shangazi," nikasema kwa kunong'ona, jambo la pili ambalo sikuwahi kumwambia maishani mwangu, "nyamaza kidogo, wanakula."